Nilivyokwenda Rubya kwa Baiskeli Kumwomba Marehemu Msamaha

Mmeniuliza sana, kila mmoja kivyake, na kila niliyemjibu amekwenda kumsimulia mwenzake jambo jingine. Juzi nimesikia kwamba wafiwa walinipiga hadharani pale Muleba. Sikupigwa. Ndiyo maana naandika yote mara moja, mkae msome, kisha mniache nisahihishe madaftari ya kidato cha pili.

Mnajua kwamba mimi ndiye msimamizi wa kundi letu la habari za mkoa, lile ambalo tunatangaziana vifo, harusi, umeme kukatika na mbuzi waliopotea. Alhamisi jioni mtu alitupia humo sauti ya sekunde sita. Ilikuwa ya Adventina, binti wa Ta Feliksi wa Rubya, yule mpiga zeze letu la enanga ambaye bila nyuzi zake harusi ya Ihangiro haijawa harusi. Adventina alikuwa analia. "Baba ametuacha, jamani! Baba ametuacha!" Basi, hakuna zaidi.

Mtu mwenye akili zake angepiga simu. Mimi niliogopa kundi la yule fundi wa simu wa mjini lisije likanitangulia. Nikatafuta picha ya mzee, nikaweka mshumaa pembeni, nikaandika TANZIA kwa herufi kubwa, na chini yake: "Amefariki kwa amani nyumbani kwake Rubya, akiwa amezungukwa na familia yake." Hayo ya amani na familia hakuna aliyenipa. Niliyatunga kwa sababu tangazo lilionekana fupi.

Rambirambi zikamiminika. Nililala nimeridhika, Mungu anisamehe.

Ijumaa jioni simu ikaita.

"Mwalimu Koku?"

"Ndiye."

"Mimi Adventina wa Rubya. Umemuua baba yangu."

Nikadhani ni uchungu unaosema. "Pole sana, dada. Mungu awape nguvu katika..."

"Yuko hapa anakula. Nikusogezee simu umsikie anavyotafuna?"

Nilikaa chini sakafuni. Akanieleza. Mzee alikuwa ameambiwa na daktari apumzike wiki mbili. Siku hiyo walikuwa wanatoka naye kliniki, akaona pikipiki, akapanda na enanga yake asiyoiacha hata kliniki, akawaacha kando ya barabara na kwenda kupiga harusini. Adventina alikuwa analia kwa hasira, akimrekodia shangazi yake. Shangazi akamtumia mtu, huyo naye akakata kipande, na kipande hicho ndicho kilichonifikia.

"Nafuta sasa hivi," nikasema. "Naandika masahihisho."

Nikasikia sauti nzito ikinguruma nyuma yake. Adventina akarudi. "Baba anasema usiandike tena neno lolote juu yake ukiwa umekaa kwako. Kama unataka kuandika, uje umwone kwanza."

Nikakubali. Nusu yangu ilisema mzee ana haki. Nusu nyingine ilifurahi kupata kisingizio cha kuchelewesha aibu.

Buhembe mpaka Kemondo

Kwa nini baiskeli, wakati mabasi yapo? Kwa sababu ndani ya basi la Muleba lazima kuna watu kumi wa kundi letu. Ningekaa katikati yao saa mbili nikisikiliza wanavyomlilia mtu niliyemuua mimi. Kwenye baiskeli hakuna anayekaa karibu yako. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri vibaya.

Jumamosi alfajiri nilitoka Buhembe nimevaa suruali ya michezo chini ya gauni, maana kuna wazee wa usharika wetu wa Kilutheri ambao hawajakubali kwamba mwalimu wa kike ana miguu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba. Sikufika mbali, gari likapunguza mwendo ubavuni mwangu, mtu akatoa kichwa dirishani.

"Mwalimu! Unakwenda msibani kwa baiskeli?"

"Nafanya mazoezi!"

"Hongera kwa moyo huo! Tufikishie pole!"

Ilikuwa hivyo njia nzima. Kumbe mwanamke juu ya baiskeli anaonekana kutoka mbali kuliko basi.

Kemondo nilisimama kunywa chai. Mama muuzaji aliniletea chapati mbili na maharage, akakaa mbele yangu na simu yake, macho mekundu.

"Umeona hii, waitu?" Akanisogezea. Lilikuwa tangazo langu, na mshumaa wangu pembeni. "Alipiga kwenye harusi yangu. Mume alinikimbia, lakini zile nyimbo bado ninazo kichwani. Tena soma hapa, amekufa familia imemzunguka. Angalau hilo."

Niliirudisha chapati sahanini. Nilitaka kumwambia, nikafungua mdomo, na kilichotoka ni "Pole sana, mama." Akanishika mkono, akakataa nilipe chai ya pili. Niliondoka pale nikijisikia mwizi.

Kemondo mpaka Muhutwe, na mkungu wa ndizi

Mnaopita barabara hii kwa gari mnadhani imenyooka. Ina vilima ambavyo gari halikuambii. Kwenye kilima cha tatu mnyororo ulikatika, nikasukuma mpaka Muhutwe, ambako fundi alifanya kazi taratibu huku akisikiliza redio na kubishana nayo. Redio ilisema bei ya kahawa itapanda. "Mwongo!" akaiambia. Redio ikasema mvua itanyesha Kagera. "Mwongo!" Nilikaa kimya. Sikutaka ajue kazi yangu ya jioni ni ipi.

Hapo kwa fundi ndipo nilipokutana na Sevelini. Alikuwa mwanaume wa miaka hamsini hivi, mkulima, na nyuma ya baiskeli yake alikuwa amefunga mkungu wa ndizi mkubwa kiasi kwamba kwa mbali nilidhani ni mtu amebebwa.

"Unaelekea wapi?" akaniuliza.

"Rubya."

"Kwa Feliksi?"

"Kwa Ta Feliksi, ndiyo."

"Basi twende wote. Mfiwa na mfiwa."

Nilipaswa kumwambia hapo hapo. Nawaapia nilijaribu. Lakini Sevelini alikuwa wa wale watu wanaosema bila kuvuta pumzi, na alikuwa na miaka thelathini ya visa vya Ta Feliksi. Kwamba aliwahi kupigia harusi moja usiku kucha, akagoma kumaliza wimbo mpaka aletewe paja la mbuzi. Kwamba alimwimba padri wa parokia kwa mafumbo, padri akacheka, na ilimchukua mwaka mzima kuelewa kwamba ametukanwa. Kwamba wimbo aliomtungia Sevelini siku ya ndoa yake ulimsifu bibi harusi kwa kila kitu, kisha ukamtaja Sevelini mara moja tu, kwa habari ya masikio.

"Nilimchukia miaka miwili," akasema, akishuka kusukuma mkungu wake mlimani. "Halafu siku moja namkuta mke wangu jikoni anaimba ule wimbo, anafika kwenye masikio, anacheka peke yake. Nikaacha kumchukia. Huu mkungu ni wa shamba la nyuma ya nyumba. Ule mzuri kuliko yote."

Kila alivyozidi kusema, ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu.

Muleba

Tulifika Muleba jua likiwa juu ya kichwa. Tukaingia kwenye kibanda nyuma ya soko, tukaagiza katogo ya ndizi na utumbo. Sevelini alipoanza kunong'ona sala ya kumwombea marehemu kabla ya kula, nikashindwa.

"Sevelini. Hajafa."

Akafungua jicho moja.

"Ta Feliksi hajafa. Nilikosea. Mimi ndiye niliyeandika lile tangazo, na sikumuuliza mtu yeyote."

Alifungua na jicho la pili. Kisha akageuka akautazama mkungu wake uliokuwa umeegemea ukutani nje, na jasho lililokuwa bado halijakauka kwenye shati lake.

"Sasa hizi ndizi nizirudishe?"

"Sijui."

"Nimepanda vilima vyote vile." Akavuta sahani yake, akala bila kusema, jambo ambalo kwa Sevelini nililiona ni adhabu kubwa. Alipomaliza akafuta mdomo. "Nitampelekea tu. Lakini mwalimu, wewe ni mtu wa hovyo."

"Najua."

"Vizuri. Maadamu unajua, twende."

Mjue kwamba huyu ndiye mfiwa pekee aliyenishambulia Muleba. Hakunipiga, na tulikula pamoja.

Kupanda Rubya

Baada ya Muleba tuliacha lami. Vumbi jekundu, mawe, na vilima ambavyo vikiisha vinaanza upya. Nilisukuma zaidi ya nilivyoendesha. Sevelini akanisamehe mahali fulani kwenye mteremko, maana nilisikia ameanza kusema tena.

Njiani nilifungua kundi mara moja. Kuna mjumbe mmoja aliyekuwa ameandika, "Jamani, nasikia mzee yupo hai." Watu wakamshukia kama nyuki. "Acha utani na msiba." "Huna adabu." Mwingine akashauri msimamizi amtoe kwenye kundi. Msimamizi nilikuwa nimesimama juu ya jiwe nikihema, ulimi nje.

Rubya, nyumbani kwa marehemu

Tulifika alasiri. Kwenye kibanja cha Ta Feliksi kulikuwa na watu kama ishirini chini ya turubai, sufuria mbili motoni, na akina mama wa jumuiya wakisali rozari. Katikati yao, kwenye kiti cha uvivu, alikaa marehemu mwenyewe, mwembamba, kofia kichwani, akiitikia "Utuombee sisi wakosefu" kwa sauti kuliko wote.

Adventina alikuja kunipokea akifuta mikono kwenye kanga. "Walipofika leo na kumkuta mzima walitaka kuondoka," akaniambia. "Baba akasema mtu akija kukusalia amalize. Sasa wamefika tendo la nne."

Nilisubiri rozari iishe, mimi na Ulutheri wangu, nikiwa nimesimama na baiskeli. Kisha nikaenda, nikapiga magoti mbele yake.

"Tata, mimi ndiye Koku. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Ndiye wewe uliyesema nilikufa kwa amani?"

"Ndiye."

"Nani kakwambia nitakufa kwa amani?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Sevelini akaokoa hali kwa kuushusha mkungu wake mbele ya kiti. "Nilikuletea msibani," akasema. "Lakini hata hivi utakula." Ta Feliksi akamtazama. "Masikio yako bado yapo," akasema, na Sevelini akafurahi mpaka machozi yakamtoka.

Mimi nikatoa simu. "Tata, nimekuona kwa macho. Naomba ruhusa niandike masahihisho."

"Kwanza nisomee."

"Nini?"

"Walivyosema. Ni mara ngapi mtu anapata kuwasikia?"

Basi nikasoma. Zilikuwa nyingi. Adventina alisogea na kisu chake akimenya ndizi, watu wakavuta viti.

"'Mzee alikuwa mpole, hakuwahi kugombana na mtu.'"

"Huyo hanijui. Endelea."

"'Alikuwa mwalimu wangu wa enanga.'"

"Nilimfukuza siku ya pili. Vidole kama mihogo. Endelea."

"'Vifaranga bora vya kisasa vinapatikana Buhembe, wasiliana na...' Samahani, tata, huyu alikuwa anatangaza biashara."

"Vya siku ngapi?"

Tuliendelea hivyo mpaka nikakauka koo. Nilikuwa nimeanza kufurahi. Nilijiona nimesamehewa, na zaidi ya hapo nilijiona kama nimemletea zawadi. Ndipo nikafika kwenye ujumbe mmoja mfupi.

"Huyu ameandika maneno mawili tu. 'Niko njiani.'"

"Nani?"

"Anajiita Edmu Enanga."

Kisu cha Adventina kikasimama. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Edmundi. Kaka yangu. Yuko Dar."

Nilielezwa baadaye, na ninyi nawaeleza sasa. Edmundi anatengeneza muziki kwa kompyuta. Miaka sita iliyopita alichukua wimbo wa baba yake aliokuwa ameurekodi kwa simu, akaukata vipande, akautia ngoma za disko, akauweka mtandaoni bila kumuuliza. Ukapendwa. Mzee aliusikia kwa mara ya kwanza ukitoka kwenye pikipiki iliyokuwa inapita. Wakatukanana kwenye simu, Edmundi akabadilisha namba, na tangu hapo nyumbani hawakujua hata anakaa mtaa gani.

Ta Feliksi alikuwa ameshika mikono ya kiti. "Rudia."

"'Niko njiani.'"

"Ameandika lini?"

"Jana alfajiri."

"Basi yuko ndani ya basi." Kisha akaninyooshea kidole. "Usiandike masahihisho."

"Tata, nimekuja kwa ajili hiyo tu."

"Ukiandika niko hai, atashuka njiani. Atarudi."

"Unataka niendelee na uongo."

"Sitaki uongo. Nataka ukae kimya. Siku ile ulikuwa na haraka, leo pumzika." Sauti yake ikapungua. "Mpaka kesho tu, mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hana mzaha. Nikawafikiria wote waliokuwa bado wanalia, yule mama wa Kemondo mmojawapo. Nikamfikiria pia mtu aliyekaa kwenye basi usiku na mchana akijua amechelewa. Lipi sahihi, sijui mpaka leo, na wengine wenu mmeshaniambia nilikosea mara mbili. Nilizima simu nikaiweka kwenye mkoba.

Kushuka Muleba na kurudi, watu watatu pikipiki moja

Jumapili asubuhi miguu yangu ilikataa kazi, hivyo nilishuka Muleba kwa pikipiki ya jirani kumpokea. Basi lilikuwa limechelewa. Nilisimama kituoni nimemaliza karanga za mfuko mzima. Akashuka mwanaume mnene kidogo, shati jeusi, macho ya kukosa usingizi, na shada la maua ya plastiki lililopindapinda kwa safari.

"Wewe ndiye mwalimu wa kundi?"

"Ndiye. Karibu nyumbani."

Tukapakizana mshikaki, dereva mbele, mimi katikati, Edmundi nyuma, na shada likinikwaruza shingo. Tulipoacha lami akasema karibu na sikio langu:

"Amezikwa?"

"Bado."

"Alikufaje?"

"Mimi sikuwepo."

"Uliandika familia ilimzunguka." Akalisogeza shada. "Nimesoma hiyo sentensi tangu Dar. Kwamba wote walikuwepo, isipokuwa mimi."

Ingekuwa heri anipige. "Hiyo nilitunga, Edmundi."

"Ulitunga?"

Hapo dereva, ambaye alikuwa ameng'ata meno tangu Muleba, alishindwa kabisa. Akapasuka kwa kicheko. "Kaka, nisamehe! Huyo marehemu jana kanituma betri za redio, na chenji akaihesabu mara mbili!"

"Simamisha," Edmundi akasema.

Tulisimama kati ya mikaratusi. Alishuka akaenda pembeni, shada mkononi, akatugeuzia mgongo. Nikamweleza yote: sekunde sita, tangazo, rozari, ujumbe wake.

"Kwa hiyo nimedanganywa tangu Dar mpaka hapa," akasema bila kugeuka.

"Mpaka jana jioni lilikuwa kosa langu. Kuanzia jana jioni alinikataza kusahihisha. Alisema ukijua yuko hai utashuka njiani."

"Alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake. Alikuwa anaogopa."

Akageuka. "Baba?"

"Aliogopa mpaka sauti ikapungua."

Alitazama barabara tuliyotoka. Chini kabisa Muleba ilionekana, na mabasi yanayopita. Dereva aliacha kucheka. Sikuongeza neno, maana nilikuwa nimeshasema mengi kwa wiki moja. Edmundi akavua kiatu, akatoa kijiwe kilichokuwa ndani, akavaa tena taratibu kama mtu asiye na pa kwenda. Kisha akapanda pikipiki.

"Twende kabla sijabadilisha mawazo."

Ta Feliksi alikuwa amekaa palepale. Wale akina mama walikuwepo pia, wakijifanya wanachagua mchele. Edmundi akasimama mbele yake na shada lake, hajui alipeleke wapi.

"Umenenepa," baba akasema.

"Na wewe umekufa."

"Ndiyo. Kaa."

Akakaa. Adventina akamletea maji ya kunawa. Kabla ndizi za Sevelini hazijaiva walikuwa wameshaanza kugombana, kwamba wimbo ule ulikatwa mahali pabaya, kwamba mtu anaulizwa kwanza, kwamba ulipigiwa simu mara kumi hukupokea, kwamba sikupokea kwa sababu ulinitukana. Walipaza sauti mpaka jirani akaja kuchungulia. Hakuna aliyewazuia. Adventina alikuwa amekaa mlangoni, kanga mdomoni, na sikujua kama analia au anacheka. Safari hii sikudhania. Nilikwenda nikamuuliza.

"Vyote," akasema.

Nikarudi kwa mzee, nikaomba ruhusa. Akaniruhusu kwa mkono, bila kukatisha ugomvi. Nikaandika: "Ta Feliksi wa Rubya yu hai. Nimemwona mwenyewe. Nilitangaza kifo chake bila kumuuliza mtu, na maneno kwamba alizungukwa na familia niliyatunga. Naomba radhi kwake, kwa familia na kwenu."

Nikatuma. Haikupita dakika, jibu la kwanza likaingia.

"Wamesemaje?" Ta Feliksi akauliza.

"Mmoja ameandika, 'Poleni sana wafiwa. Mzee apumzike kwa amani.'"

Akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa bado anasema, mikono hewani.

"Mjibu kwamba nilikuwa nimeanza," akasema, "lakini huyu amekuja."